Sabuni, povu na oksijeni: mwongozo kamili wa kupima kama pampu yako ya hewa inafikisha hewa majini

Mfugaji wa samaki akifika tangini alfajiri, akaona viputo vidogo vinapanda na povu jeupe limetanda juu, moyo wake hutulia. Pampu inanguruma, umeme haujakatika, basi hewa ipo. Lakini viputo kuonekana ni jambo moja, na oksijeni kuingia majini ni jambo jingine. Maji yenye sabuni, mafuta, utelezi wa samaki au mabaki ya chakula yanaweza kupunguza kwa nusu kasi ya oksijeni kuingia, huku viputo vikionekana vingi na vizuri kuliko siku zote.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye tangi la sato (ngege) au kituo cha kutotolesha vifaranga vya kambare (mmale), na pia kwa fundi anayesimamia bwawa la majitaka la shule, hoteli au machinjio. Ukiufuata utajua maji yako yanainyima pampu yako kiasi gani, na utalijua hilo kabla ya kutumia pesa kununua pampu kubwa zaidi.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya ziada ya kulijali hili, nayo ni mwinuko. Maji safi ya nyuzi 25 kwenye usawa wa bahari hushika oksijeni miligramu 8.26 kwa lita, hapo yameshiba. Ziwa Victoria liko mita 1,135 hivi juu ya bahari, na hewa huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo maji ya joto hilohilo hushiba karibu na 7.2. Ukishuka Ziwa Albert, lililo mita 600 na kitu, unapata kama 7.7. Kule Bunyonyi, karibu mita 1,960, hata maji yakiwa baridi ya nyuzi 20 hushiba kwenye 7.1 hivi. Nafasi yetu ya kucheza nayo ni ndogo kuliko ya mfugaji wa Mombasa, na kila kinachoichelewesha oksijeni hutuuma mapema.

Sabuni inafanya nini hasa

Oksijeni hutembea ndani ya hewa kwa kasi inayozidi mwendo wake ndani ya maji mara elfu kumi hivi. Kwa hiyo inapotoka hewani kwenda majini, kikwazo ni utando mwembamba wa maji ulio chini kidogo tu ya uso, mwembamba kuliko unene wa nywele chache. Wahandisi wa kemia Lewis na Whitman walilieleza hilo mwaka 1924. Baadaye Higbie mwaka 1935 na Danckwerts mwaka 1951 waliongeza jambo la maana: utando huo haukai palepale. Mizunguko midogo ndani ya maji huleta juu maji mapya yenye njaa ya oksijeni na kuyazamisha yaliyokwisha kushiba. Uso ukifanywa upya haraka, oksijeni huingia haraka.

Sasa ingiza sabuni. Chembe yake ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo hupanda na kukaa usoni. Wanakemia huita vitu vya namna hii sarfaktanti, na sabuni ni mmoja tu wa ukoo huo mkubwa. Protini za chakula cha samaki, utelezi wa ngozi zao, majimaji ya mwani na rangi ya kahawia inayotoka kwenye vinamasi vya mafunjo vyote vimo. Maji safi ya nyuzi 25 yana mvutano wa uso wa milinyutoni 72 kwa mita, na sabuni ya kufulia huweza kuushusha hadi karibu 30.

Wengi hudhani sabuni hutanda juu ya maji na kuizuia oksijeni kupita. Sivyo, na tofauti hii inafaa kueleweka, maana ndiyo itakayokuongoza kuchagua mtambo. Utando wa sabuni ni mwembamba mno, na oksijeni hupita ndani yake karibu bila shida. Kinachozuiwa ni mwendo wa uso. Mzunguko wa maji unapopanda na kutaka kuutandaza uso, sabuni hutawanyika pale palipotandazwa, mvutano wa pale huongezeka, na uso huvutwa kurudi ulikotoka. Uso uliokuwa ukitiririka huwa kama ngozi. Maji mapya hayafiki juu, na yaliyoshiba hayashuki.

Kwenye kiputo ni vilevile. Kiputo kinapopanda, sabuni husukumwa mgongoni mwake na kurundikana upande wa chini. Uso wake hukakamaa na mwendo wake hupungua. Kiputo cha milimita moja hivi kwenye maji safi sana huweza kupanda kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya kiputo cha ukubwa huohuo kwenye maji machafu. Jambo moja huenda kinyume: sabuni huzuia viputo kuungana, hivyo hubaki vidogo na vingi, na jumla ya uso wa kupitishia oksijeni huongezeka. Ndiyo maana tangi lenye sabuni hupendeza macho. Lakini katika viputo vidogo vya jiwe la hewa (lile lenye vitundu linalotoa viputo), hasara ya uso uliokakamaa kwa kawaida huizidi faida ya wingi wa viputo.

Wahandisi wa majitaka wana namba ya kupimia hasara hii, nayo huitwa alfa. Ni kasi ya oksijeni kuingia kwenye maji yako ikigawanywa kwa kasi ya kuingia kwenye maji safi, kwa mtambo uleule na hewa ileile. Alfa ya 1 maana yake hakuna hasara. Kwa viputo vidogo kwenye majitaka, 0.3 hadi 0.6 ni ya kawaida. Mitambo ya kurusha maji juu au ya viputo vikubwa mara nyingi huwa kati ya 0.6 na 0.9. Kazi yetu ni kuipata alfa yako.

Kwanza, uchunguzi wa bei ndogo

Kabla ya kutafuta vipimo, nenda duka la dawa ukanunue bomba la sindano la mililita 5 pamoja na sindano yake. Ondoa ncha kwa uangalifu au ikate iwe butu. Jaza maji safi ya bomba, shika wima, dondosha polepole na uhesabu matone hadi mililita zote 5 ziishe. Suuza, kisha rudia kwa maji ya tangi lako. Uzito wa tone hufuata mvutano wa uso, kwa hiyo maji yenye sabuni hutoa matone madogo na mengi zaidi. Tuseme maji safi yalitoa matone 100 na ya tangi 125: mvutano wa tangi ni kama 72 mara 100 gawanya kwa 125, yaani karibu 58. Hapo una kitu kikubwa ndani ya maji.

Dondosha polepole kweli. Protini huchukua muda kufika usoni, na ukiharakisha tone litaanguka kabla hazijafika. Tena, matone yakilingana usitangaze ushindi, maana alfa huanza kushuka kwenye kiasi kidogo cha sabuni ambacho hesabu ya matone haikioni.

Uchunguzi wa pili ni wa poda. Chota maji ya juu kwenye beseni pana, nyunyiza poda ya mtoto kidogo sana, kisha puliza taratibu kutoka upande mmoja. Kwenye maji safi poda hukimbia kwa wepesi na hukaa iliposukumwa. Penye utando husogea kwa pamoja kama kipande kimoja, na ukiacha kupuliza hurudi nyuma. Msiudharau uchunguzi wa beseni. Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani asiyekuwa na maabara wala cheo, alichunguza tando za usoni mwa maji kwa vyombo vya jikoni kwake, na mwaka 1891 barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature. Elimu ya tando hizi ilipata msingi wake humo.

Vifaa vya kipimo chenyewe

Unahitaji kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka. Ukiweza kuazima chenye kioo cha mwanga kutoka chuo au kituo cha uvuvi, ni bora kuliko cha utando wa plastiki, kwa sababu kile cha utando hudanganya maji yasipotembea mbele yake, na sabuni huuchafua haraka. Tafuta pia pipa la lita 200, pampu na jiwe la hewa unalotumia kila siku (lisiwe jipya la dukani), kipimajoto, saa ya simu na daftari.

Halafu unahitaji njia ya kuitoa oksijeni majini. Napendelea mtungi wa nitrojeni. Mafundi wa mafriji na viyoyozi wanao, kwa kuwa huutumia kupima uvujaji wa mabomba. Mwombe fundi aje na mtungi pamoja na kidhibiti chake cha presha. Fanyeni kazi hii nje au chini ya paa lililo wazi pande zote. Nitrojeni haina harufu, na ndani ya chumba kilichofungwa humaliza hewa ya kupumua bila mtu kujua.

Wahandisi wengi hutumia sodiamu salfaiti, gramu 8 hivi kwa kila gramu ya oksijeni inayotakiwa kuondolewa, pamoja na chumvi ya kobalti ya kuharakisha. Kwa pipa la lita 200 lililoshiba ni kama gramu 11. Kwa mfugaji siipendekezi. Kobalti si kitu cha kuweka karibu na samaki, na salfaiti ikibaki itaendelea kula oksijeni wakati unapima, upate jibu la uongo.

Rekebisha kipimo kwa mwinuko wa mahali ulipo. Vingi hutoka kiwandani vikidhani viko baharini. Na kama kinakuuliza presha ya hewa, usichukue ile ya programu ya hali ya hewa kwenye simu: kwa kawaida imekwisha kugeuzwa kuwa ya usawa wa bahari, kwa hiyo Kampala utaandikiwa milibari 1,015 wakati presha halisi ni kama 880. Andika mwinuko badala yake.

Kupima, hatua kwa hatua

Anza na maji safi siku zote. Ukianza na machafu, sabuni itabaki kwenye vitundu vya jiwe na kuharibu kipimo cha maji safi. Yaache maji ya bomba usiku kucha kwenye pipa ili klorini ipungue na joto litulie. Maji yawe na kina kilekile kwa vipimo vyote, karibu na kina cha tangi lako kadiri pipa linavyoruhusu. Kina kina uzito wake: kiputo kikitoka kwenye jiwe huwa bado hakijabeba sabuni, na hukakamaa kadiri kinavyopanda. Ndoo fupi itakupa alfa nzuri kuliko ile ya tangi refu.

Washa pampu na uache iendelee hadi kipimo kitulie, yaani kisibadilike zaidi ya 0.1 kwa robo saa. Andika namba hiyo na uiite kilele. Maji safi ya nyuzi 25 Kampala yakikupa mbali na 7.2, rudi urekebishe kipimo kabla ya kuendelea.

Zima hewa, unganisha nitrojeni kwenye bomba lilelile, pitisha hadi usomaji ushuke chini ya 1. Rudisha hewa, bila kugusa valvu wala kusogeza jiwe. Sasa ngoja usomaji upande mpaka mahali ulipopachagua pa kuanzia, tuseme 2.2. Hapo washa saa. Upungufu wako ni 7.2 kutoa 2.2, yaani 5.0. Nusu yake ni 2.5, kwa hiyo unasubiri usomaji ufike 4.7. Andika dakika zilizopita. Usizime saa. Endelea hadi upungufu upungue tena kwa nusu, yaani usomaji wa 5.95.

Muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili lazima ukaribiane. Hii ni sheria ya jambo lenyewe: kasi ya oksijeni kuingia hufuata ukubwa wa upungufu. Ikiwa nusu ya kwanza ilichukua dakika 8 na ya pili 14, kuna kitu kimekosewa. Huenda kilele ulikiandika kabla hakijatulia, au presha ya pampu imeshuka, au kipimo ni kizito kujibu. Usiendelee kabla ya kukipata. Na kama nusu inachukua chini ya dakika 3, punguza hewa, kwa sababu kuchelewa kwa kipimo chenyewe kutaanza kuharibu hesabu. Kiwango hichohicho kipya cha hewa ndicho utakachotumia kwa maji yote.

Rudia mara tatu na uchukue wastani.

Kisha mwaga, jaza maji ya tangi au bwawa lako, na ufanye yote upya, ikiwa ni pamoja na kutafuta kilele kipya. Hapa wengi hukosea kwa kutumia kilele cha maji safi. Maji ya bwawa yana bakteria na mwani wanaopumua, nao hula oksijeni wakati unaiingiza. Kwa hiyo kilele chake kitakuwa chini, pengine 6.4. Ukihesabu upungufu kutoka kilele hicho, ulaji wao hujiondoa wenyewe kwenye hesabu na unabaki na kasi ya kuingia peke yake. Funika pipa kwa turubai ili mwani usitengeneze oksijeni kwa jua, na umalize mapema kabla viumbe hao hawajabadilisha ulaji wao. Joto lisitofautiane na la maji safi kwa zaidi ya nyuzi moja au mbili.

Sasa alfa: gawanya muda wa nusu wa maji safi kwa muda wa nusu wa maji yako. Dakika 8 kwa maji safi na 16 kwa bwawa ni alfa ya 0.5. Hakuna logarithimu, hakuna kompyuta.

Mwisho suuza kila kitu na upime maji safi mara moja tena. Yasiporudi kwenye dakika 8, jiwe lenyewe limeziba au limelowa mafuta, na sehemu ya hasara uliyoiona haikutoka majini.

Ukipenda kuona sabuni yenyewe inavyofanya kazi, yeyusha gramu 4 za sabuni ya unga kwenye lita 4 za maji safi. Mililita 200 za mchanganyiko huo kwenye pipa la lita 200 ni miligramu 1 kwa lita. Pima, ongeza hadi 5, pima, ongeza hadi 20, pima. Muda wa nusu hurefuka sana mwanzoni na sabuni kidogo tu, kisha ongezeko hupoa, na kwenye sabuni nyingi unaweza hata kufupika kidogo kwa kuwa viputo vimekuwa vidogo mno. Maji haya usiyarudishe kwa samaki. Sabuni za unga za kisasa zinaweza kudhuru samaki hata kwa miligramu chache kwa lita, na mashavu ndiyo huumia kwanza.

Kuitumia alfa kwenye hesabu ya mtambo

Muuzaji akikuambia mtambo wake unaingiza kilo 1 ya oksijeni kwa saa, anasema juu ya maji safi ya nyuzi 20, yasiyo na oksijeni hata kidogo, kwenye usawa wa bahari. Wewe una maji ya nyuzi 25 Wakiso na unataka yasishuke chini ya 4. Chukua kilele chako 7.2, toa 4, gawanya kwa 9.09 ambayo ni shibe ya maji ya muuzaji: unapata 0.35. Joto hukusaidia kidogo, zidisha kwa 1.13, ufike karibu 0.40. Sasa zidisha kwa alfa ya 0.5. Kilo moja imekuwa gramu 200.

Hapo ndipo penye msiba wa vifaranga wengi. Mtu ananunua kwa hesabu ya kilo, anapokea asilimia 60 hivi chini ya hapo hata kabla ya sabuni, kisha sabuni inachukua nusu ya kilichobaki.

Kurekebisha

Alfa ikizidi 0.8, acha maji yako yalivyo na utazame msongamano wa samaki au chakula. Ikiwa chini ya 0.6, tafuta sabuni inakotoka kabla ya kutafuta pampu. Fuata mkondo unaokulisha maji. Vituo vya kuoshea magari na bodaboda kandokando ya vijito, na watu wanaofulia mtoni, ndio wa kuanza nao. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya namna hiyo kutoka Kampala hadi ghuba ya ndani ya Murchison kwenye Ziwa Victoria, na vijito vidogo vya vijijini hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Zungumza na wenyewe kwa adabu. Mara nyingi kuhamisha sehemu ya kuoshea mita chache, maji yamwagike ardhini yasiingie kijitoni, kunatosha. Ndani ya kituo chako, mkataze kijana anayeosha matangi kutumia sabuni ya unga. Chumvi na brashi vinatosha.

Povu lenyewe ni msaada ukilitumia. Sabuni hujikusanya kwenye povu kuliko majini, kwa hiyo kila ndoo ya povu unayochota na kuimwaga mbali hupunguza sabuni majini. Chota asubuhi na jioni. Usiliue kwa mafuta ya kupikia: povu litalala, lakini sabuni imebaki, na sasa umeongeza utando wa mafuta. Vivyo hivyo wanaotandaza dizeli kwenye vidimbwi vya vifaranga ili kuua wadudu wa maji. Kambare mkubwa hupanda juu kuvuta hewa, naye atalazimika kupenya mafuta hayo. Kifaranga ambaye kiungo chake cha kupumulia hewa bado hakijaota hutegemea oksijeni ya majini peke yake, ileile ambayo uso uliotulizwa na mafuta unaichelewesha.

Maji yakilazimika kupitia mahali penye sabuni, yapitishe kwanza kwenye kidimbwi cha kina kifupi chenye changarawe na matete, kinachopata hewa, yakae siku kadhaa. Sabuni nyingi za sasa huliwa na bakteria panapokuwa na oksijeni. Kwenye tope lisilo na hewa haziliwi kwa urahisi, kwa hiyo shimo refu lililofunikwa halisaidii.

Kuhusu mtambo, kanuni ni kwamba uso unaovunjwa na kuzaliwa upya kila mara haupati muda wa kukakamaa. Maporomoko madogo, gurudumu la kupiga maji au pampu ya kurusha maji juu huathirika kidogo kuliko jiwe la viputo laini. Kwa tangi la sato lenye maji ya kijito kichafu ningechagua gurudumu. Kwa kituo cha vifaranga ambako msukosuko huumiza, ningebaki na mawe, nikaongeza idadi kwa kufuata alfa, na kuyaloweka kwenye siki kila yanapoanza kuhitaji presha zaidi. Kwa majitaka usikimbilie kuacha viputo vidogo: hata kwa alfa ya 0.5 vinaweza kuingiza oksijeni nyingi zaidi kwa kila yuniti ya umeme kuliko viputo vikubwa, na jibu liko kwenye vipimo vyako vya nusu pamoja na umeme unaoliwa na kila mtambo, ukipima yote miwili ndani ya maji yaleyale.

Pima tena mvua za kwanza zikinyesha, kwa sababu huosha mitaro na kushusha kila kilichokuwa kimekauka humo, na pima unapobadilisha chakula cha samaki. Kati ya vipimo hivyo, tumia sindano na matone kila wiki, na uandike hesabu kwenye daftari lilelile penye namba ya maji safi.